Washa na uzime desktopu kwa remoti bila kugusa umeme wa ukutani

Wakuu habari za baridi. Huku Mbeya mwezi wa sita na wa saba mnaujua, mtu akishajifunika blanketi hatoki, na wenzetu wa Makete na Njombe ndo usiseme. Sasa kama desktopu yako iko chini ya meza chumba cha pili, au umeifungia kwenye kabati la chuma pale stesheneri Mwanjelwa ili kila anayekuja kutoa kopi asiibonyezebonyeze, au kitufe chenyewe cha kwenye kesi kimeshazama ndani na unawasha kwa kuchokonoa na kalamu, hii mada ni yako. Tunatengeneza swichi ya remoti, inawasha na inazima, na kazi yenyewe ukishakuwa na vifaa ni ya mchana mmoja tena na chai katikati.

Kwanza tuelewane kitu kimoja maana hapa ndo wengi wanaliwa hela. Madukani kuna soketi za remoti, unachomeka ukutani, unachomeka kompyuta kwenye soketi, unabonyeza umeme unakatika. Hiyo ni nzuri kwa taa na feni, kwa kompyuta hapana. Ukikata umeme wa ukutani Windows inakufa katikati ya kazi, faili zinaharibika, na kama bado una hadi disiki ya zamani ile inayozunguka ndo unaitafutia kifo kabisa. Na ukirudisha umeme kompyuta nyingi hazijiwashi zenyewe, zinakaa tu zinasubiri kitufe. Kwa hiyo hela imeenda na bado unainuka kitandani.

Kitufe cha desktopu hakikati umeme wowote mkubwa. Ni viwaya viwili vyembamba vinatoka mbele ya kesi vinaenda kwenye madabodi, ile bodi kuu ya kompyuta, ukibonyeza vinagusana kidogo, ukiachia vinaachana, basi. Madabodi ikiona vimegusana inaiambia pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya kesi, iamke. Ikiwa tayari imewaka, madabodi inaiambia Windows kuna mtu kabonyeza, na Windows inajizima taratibu kama ulivyoizoea. Ukishikilia zaidi ya sekunde 4 hapo inazima kwa nguvu bila kuuliza mtu. Sisi tunachotaka ni kitu kitakachogusanisha hivyo viwaya kwa mbali, yaani swichi ndogo inayovutwa na umeme. Rilei. Hakuna waya wa 230V utakaoushika kwenye kazi hii yote, na ukijikuta umefungua pawasaplai ujue umepotea njia, funga rudi, maana mle ndani kuna kapasita zinabaki na chaji hata ukiwa umechomoa.

Vifaa

Tafuta moduli ya rilei ya remoti, chaneli moja, inayotumia 5V, masafa ya 433 MHz. Inakuja na remoti yake kidogo kama ya alamu ya gari. Angalia vizuri 5V na sio 12V, zinafanana sana na muuzaji mwingine atakwambia "zote moja tu kaka", sio moja, ya 12V ukiilisha 5V rilei haivuti. Njia rahisi ya kuhakiki ni kusoma juu ya rilei yenyewe, lile boksi la bluu au jeusi, kama ni Songle itaandikwa SRD-05VDC, ile 05 ndo unayotaka. Hapa Mbeya jaribu kwa mafundi redio wa Mwanjelwa na Kabwe, Iringa zungukia mitaa ya Miyomboni, ukikosa agiza Kariakoo uwekewe kwenye basi. Remoti chagua ile yenye kifuniko cha kutelezesha, sababu nitasema mbele.

Vingine ni waya mwembamba wa rangi mbili, jampa waya chache zenye tundu (viwaya vifupi vya kuvalisha kwenye pini), bisibisi ya nyota na ndogo ya bapa, tepu nyeusi, kopo dogo la plastiki lenye kifuniko, na mita ya kupimia umeme. Mita usiiruke. Hata ile ya bei ya chini kabisa ya njano inatosha, lakini bila mita hii kazi inakuwa ya kubahatisha na madabodi sio kitu cha kubahatishia.

Anza mezani, sio kwenye kompyuta

Kata waya wa chaja ya simu iliyozeeka, ule mwekundu ni chanya na mweusi ni hasi, ila pima na mita kwanza kwa sababu chaja za mtaani rangi zake ni za kuamini nusu. Ukipata kama 5V funga kwenye sehemu ya umeme ya moduli, chanya na hasi kama zilivyoandikwa.

Sasa moduli inabidi ifundishwe remoti. Kwenye bodi kuna kitufe kidogo sana, na moduli nyingi za aina hii zinaenda hivi: ukikibonyeza mara 1 halafu ukabonyeza remoti, inajifunza kwa mtindo wa kushika na kuachia, yaani rilei inavuta ukiwa umebonyeza tu, ukiachia inaachia. Ukibonyeza mara 2 inajifunza ule mtindo wa kubonyeza inashika, kubonyeza tena inaachia. Mara 3 ni ya vitufe viwili, kimoja cha kuwasha kingine cha kuzima. Mara 8 inafuta kila kitu ilichojifunza. Soma kale kakaratasi kalikokuja nayo maana viwanda vinatofautiana, ila kwa vyovyote vile sisi tunataka ule mtindo wa kwanza, wa kushika na kuachia. Huu ndo unafanana na kidole cha mtu.

Ukishafundisha bonyeza usikilize. Utasikia "ta", ukiachia "ta" nyingine. Weka mita kwenye alama ya mlio, miguu yake kwenye matundu ya rilei yaliyoandikwa COM (la pamoja) na NO (limeachana na COM mpaka rilei ivute), inatakiwa ilie ukiwa umebonyeza na inyamaze ukiachia. Ikilia ukiwa hujabonyeza na ikanyamaza ukibonyeza, umeshika NC (limeshikana na COM mpaka rilei ivute), hamia tundu la upande wa pili. Usiendelee mbele mpaka hili likae sawa, kwa sababu ukikosea hapa kompyuta itaona kama kuna mtu amekishikilia kitufe milele.

Umeme wa kulisha moduli

Hapa ndo penye utamu. Moduli lazima iwe macho hata kompyuta ikiwa imezimwa, la sivyo nani atasikia remoti? Bahati nzuri desktopu ikiwa imechomekwa ukutani haijalala kabisa, pawasaplai inatoa 5V ndogo ya stendbai muda wote. Kwenye pawasaplai ya kawaida ya ATX, ule muundo wa desktopu nyingi, hiyo inapita kwenye waya wa zambarau, pini ya 9 kwenye ile plagi kubwa ya pini 24. Weusi wowote ni hasi.

Lakini mimi sipendi mtu aanze kuchuna waya wa zambarau kama hajazoea. Kuna njia ya kistaarabu zaidi. Kwenye madabodi karibu zote kuna pini za USB za ndani ambazo hazijatumika, pini 9 kwenye safu mbili, zimeandikwa USB na namba yake. Pini mbili za mwanzo, 1 na 2, ni 5V. Pini 7 na 8 ni hasi. Ile nafasi ya 9 haina pini, ndo alama yako ya kujua umesimama upande gani, yaani hasi ziko upande wa pengo na 5V ziko upande wa pili kabisa. Zile nne za katikati ni za data, usiziguse. Uzuri wa hapa ni kwamba USB kwa kawaida ina fyuzi yake, ukikosea kidogo inajilinda, zambarau haina huruma hiyo.

Chukua mita. Kompyuta imezimwa ila imechomekwa, pima kati ya 1 na 7. Ukipata 5V umemaliza, hapo ndo utachomeka jampa waya zako. Ukipata sifuri usikate tamaa, ingia BIOS (mipangilio ya madabodi, unaiingia kompyuta inapoanza kuwaka) utafute kitu kimeandikwa ErP, EuP au Deep Sleep, kizime, hifadhi, zima kompyuta upime tena. Hizo ndo huwa zinakata stendbai ili kuokoa umeme. Kama bado ni sifuri, rudi kwenye ile chaja ya simu, ipitishe waya wake nyuma ya kesi na iache imechomekwa kwenye ekstensheni moja na kompyuta. Haina shida yoyote, rilei yenyewe imetenganisha pande mbili.

Kuhusu mzigo msiwe na wasiwasi. Rilei ya hivyo ikivuta inakula kama miliampea 70 na kitu, tena kwa ule muda wa kubonyeza tu, muda mwingine ni miliampea chache.

Angalizo kwa wenye zile Dell, HP na Lenovo za maofisini zilizotumika, ambazo ndo nyingi mjini. Pawasaplai zake nyingi sio ATX ya kawaida, plagi zina pini chache na rangi za waya hazifuati niliyosema. Kwenye hizo sahau kabisa habari ya zambarau, tumia USB ya ndani au chaja.

Kuunga kwenye kitufe

Chomoa kompyuta ukutani. Sio kuizima, kuichomoa. Kisha bonyeza kitufe chake mara mbili tatu ili chaji iliyobaki iishe, na kabla hujagusa madabodi shika kwanza chuma cha kesi, hasa kipindi hiki cha kiangazi cha baridi umevaa sweta la sufi, ukilivua gizani unaliona linatoa cheche, hizo cheche ndo hazitakiwi kwenye madabodi.

Fungua ubavu wa kesi ufuate waya za kitufe mpaka zinakoishia. Pale kwenye madabodi pameandikwa F_PANEL, PANEL au JFP1 kutegemea kampuni. Mpangilio wa kawaida una safu mbili, moja ina pini tano na nyingine nne. Angalia ile yenye nne: mbili za upande wenye pengo ndo swichi, PWR_SW, na mbili za upande mwingine ni za taa ya kuonesha kompyuta imewaka. Safu ya tano ina taa ya hadi disiki, ya riseti, na moja ya ziada. Dell na wenzake wana mpangilio wao, kule fuata waya za kitufe chenyewe.

Kama huna uhakika kuna jaribio la mafundi wote. Chomeka umeme, chukua ncha ya bisibisi, zigusanishe zile pini mbili kwa nusu sekunde. Ikiwaka ndo zenyewe. Usiguse pini nyingine kwa kubahatisha, na ukimaliza chomoa tena ukutani kabla ya kuendelea.

Sasa tunataka kitufe cha zamani kiendelee kufanya kazi na remoti ifanye kazi, siku betri ya remoti ikiisha usibaki unaitazama tu. Njia isiyohitaji kulehemu iko hivi: chomoa kile kiplagi cha kitufe kwenye PWR_SW, weka jampa waya mbili kwenye zile pini, peleka moja COM nyingine NO. Halafu kata kile kiplagi, chuna zile waya mbili za kitufe, moja iingie COM pamoja na iliyopo, nyingine NO pamoja na iliyopo. Waya mbili kila tundu, kaza skrubu, vuta kidogo uone kama zimeshika. Ipi iende wapi haijalishi, hapa hakuna chanya wala hasi. Anayejua kulehemu achune tu sehemu ndogo ya waya za kitufe bila kuzikata, alehemu za kwake juu, afunge tepu. Inakuwa safi zaidi.

Antena

Hii wengi wanaidharau halafu wanalalamika remoti mpaka uisogelee kompyuta kabisa, sasa si bora ubonyeze kitufe tu. Kesi ya kompyuta ni boksi la chuma na chuma kinazuia mawimbi. Moduli yenye antena iliyojikunja ndani ya kesi iliyofungwa inasikia kwa shida sana.

Chukua waya wa kawaida urefu wa sentimita 17.3, huo ni robo ya wimbi la 433 MHz. Kama moduli ina waya mfupi wa springi ondoa uweke huo, kama ina tundu limeandikwa ANT lehemu hapo. Upitishe nje kupitia vitundu vya nyuma ya kesi au zile bati za kadi ambazo hazijatumika, na usiulaze kwenye bati la kesi, usimame au uning'inie huru. Upande wa nje usichune, uwe na plastiki yake yote. Nyumba zetu za matofali ya kuchoma hazisumbui sana, ila mlango wa chuma au kabati la chuma ni kama kesi ya pili, na kwa wale wa kabati la stesheneri antena lazima itoke nje ya kabati pia.

Moduli yenyewe iweke ndani ya lile kopo la plastiki, toboa sehemu za waya, bandika kopo kwenye sakafu ya kesi mbali na feni. Chini ya bodi kuna ncha za risasi zimechomoza, zikigusa bati la kesi hapo ndo mambo yanaharibika. Wanaotumia kopo la dawa ya viatu kwa sababu linafunga vizuri, jamani lile ni bati.

Kabla ya kufunga kesi

Chomeka, washa kwa remoti, ngoja ifike mpaka kwenye desktopu ya Windows, bonyeza tena kwa kifupi uone kama inajizima vizuri. Kama inalala badala ya kuzima, ingia mipangilio ya pawa utafute sehemu ya kitufe kinafanya nini, chagua Shut down. Kwa wa stesheneri nashauri tofauti, wekeni Do nothing, yaani ikiwa imewaka remoti haifanyi kitu, maana remoti ikikaa mfukoni pamoja na funguo inajibonyeza yenyewe na mteja yuko katikati ya kujaza fomu ya mkopo wa chuo, utamjibu nini? Kuwasha itawasha kama kawaida. Kile kifuniko cha kutelezesha nilikitaja kwa sababu hiyo hiyo. Kumbuka tu kushikilia zaidi ya sekunde 4 bado kunazima, hilo liko kwenye madabodi na Windows haina sauti.

Kuna dada mmoja ana stesheneri Uyole aliniuliza, "Kaka, si mtu akiwa na remoti kama yangu ataniwashia usiku?" Swali la maana. Remoti hizi nyingi zina chipu ya EV1527, namba yake ni ya biti 20, yaani zaidi ya milioni moja, kwa hiyo ya jirani kufanana na yako ni ngumu. Ila namba haibadiliki, mwenye kifaa cha kunakili anaweza kuinakili akiwa karibu. Atafaidika nini? Ataiwasha, atakutana na nywila. Weka nywila.

Ikisumbua

Inawaka, inakaa kama sekunde 4, inazima. Hii ni ya kawaida kabisa na inatisha watu. Rilei haiachii, moduli imefundishwa ule mtindo wa pili, wa kubonyeza inashika. Futa kwa mara 8 uifundishe upya kwa mara 1.

Inajiwasha yenyewe umeme ukirudi. Angalia BIOS kwanza, kuna mahali pameandikwa Restore on AC Power Loss au After Power Failure, weka Power Off. Kwa umeme wetu unaokatika na kurudi mara tatu kabla haujatulia, hiyo ndo salama.

Ukishikilia kuzima kwa nguvu haizimi. Mawimbi yanakatikakatika, kila yakikatika hesabu ya sekunde 4 inaanza upya. Rekebisha antena au badilisha betri ya remoti, nyingi ni ile ndogo ya 12V iliyoandikwa 27A au 23A, fungua uone kabla hujaenda dukani.

Na la radi. Mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinakuja na radi za kweli, na kuzima kwa remoti sio kuchomoa, stendbai bado iko hai na pawasaplai bado imeshikana na waya wa nje. Wingu likiwa jeusi upande wa mlima inuka uchomoe, blanketi litakusubiri.

Anayetaka kutumia simu

Badala ya moduli ya remoti weka ESP8266 yenye rilei (bodi ndogo yenye waifai), weka programu ya Tasmota, halafu kwenye konsoli yake andika PulseTime 5, hapo rilei itavuta kwa nusu sekunde na kuachia yenyewe. Waya wa kitufe ni ule ule, COM na NO. Inashika waifai ya 2.4 GHz tu, na ruta lazima iwe imewaka, kwa hiyo umeme ukirudi ruta nayo ina dakika zake za kuamka. Moduli nyingine za hivi rilei yake inaruka mara moja zinapopata umeme na kompyuta inajiwasha, jaribu mezani na mita kabla hujaiunga. Na usiifungulie mlango intaneti nzima ikaiona, iishie nyumbani.

Kama moduli yako ya 433 imekuja na remoti mbili zifundishe zote siku hiyo hiyo, moja iweke kabatini. Ya kwanza ikipotea futa kumbukumbu kwa mara 8, fundisha iliyobaki peke yake, na ile iliyopotea haitafungua chochote hata ikiokotwa.